Upagazi Haujaisha: Msichana wa Tabora, Dumu la Maji na Mvua Isiyoaminika

Muhula uliopita nilikaa kwenye semina moja ya mazingira, ile ya saa nane mchana ambayo nusu ya darasa wanasinzia na nusu nyingine wanachati. Mwezeshaji akaweka slaidi yenye picha ya msichana wa kijijini, ndoo kichwani, anatabasamu. Chini yake maandishi makubwa: msomeshe msichana, uokoe dunia. Akatueleza na hesabu yake. Msichana akisoma atachelewa kuolewa, akichelewa kuolewa atazaa watoto wachache, watoto wakiwa wachache hewa ya ukaa itapungua. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, na safari hii si kwa sababu nilikuwa nachati.

Nilikuwa naiangalia ile ndoo. Hakuna aliyeitaja. Yaani picha nzima ilikuwa juu ya ndoo, na maelezo yote yalikuwa juu ya tumbo la uzazi.

Kwetu ni Mtendeni, Tabora mjini. Kwa mnaoijua Tabora kwa kupitia dirisha la treni tu, mji wetu ulizaliwa na mizigo. Wazungu wa kwanza kuandika habari zake, Burton na Speke, walifika Novemba 1857 wakaukuta tayari ni kituo kikubwa cha misafara, wakauita Kazeh. Kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, na kutoka Unyanyembe hadi Ujiji, kila kitu kilisafiri juu ya kichwa au bega la mtu: pembe za ndovu, vitambaa, shanga, baruti. Miembe na mitende unayoiona ni kumbukumbu ya misafara hiyo, na jina la mtaa wetu linabeba mtende huo hadi leo. Wanyamwezi walikuwa wapagazi wa kulipwa, mabingwa wa kazi hiyo, na mzigo wa mpagazi ulipimwa kwa frasila, moja ikiwa kama kilo 16. Mwanahistoria Stephen Rockel ameandika kwa kirefu kuhusu watu hawa, na anaonyesha jambo ambalo vitabu vyetu vya sekondari vililiruka: wanawake nao walikuwemo kwenye misafara, wakibeba vyungu, chakula na bidhaa zao wenyewe.

Halafu reli ikafika Tabora mwaka 1912. Tulifundishwa kwamba hapo upagazi ukaisha. Mimi nasema haukuisha. Umebadilisha jinsia, umepunguza umri na umefupisha safari. Zamani ilikuwa Bagamoyo hadi Ujiji, sasa ni nyumbani hadi kisimani. Dumu la lita 20 lina kilo 20, yaani frasila na ziada. Anayelibeba ni binti wa miaka 13, tena halipwi, na akirudi anaulizwa kwa nini amechelewa shule.

Nikiri jambo. Nilipokuwa mdogo, kabla bomba la Ziwa Victoria halijafika Tabora, maji pale nyumbani yalikuwa ya mgao, na mgao ukikata tulitegemea kisima cha jirani. Mimi nilikuwa naamshwa saa kumi na mbili asubuhi, naingia bafuni, nakuta ndoo imejaa. Miaka yote ile sikuwahi kujiuliza imejaaje. Dada zangu walikuwa wameamka saa kumi. Tulisoma shule moja, tukafanya mitihani ileile, na matokeo yakitoka mzee alikuwa anasema, "Huyu kijana ana akili kuliko dada zake." Nilikuwa na usingizi kuliko dada zangu, basi. Saa mbili za ziada kila siku, kwa miaka saba ya msingi na minne ya sekondari. Piga hesabu mwenyewe.

Lile bomba lilipofika kupitia Nzega, mdogo wetu wa mwisho wa kike alikuwa darasa la tatu. Leo anaamka saa moja na kaka zake. Mzee hajabadili msimamo wake hata kidogo kuhusu wasichana, wala hakuna aliyemfanyia semina. Bomba lilimpita pembeni, likafanya kazi yake.

Sasa tuondoke mjini. Baba mdogo anaishi kijijini, wilaya ya Uyui, na binti yake ndiye hasa aliyenifanya niandike makala haya. Jina lake silitaji. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na kuanzia Mei hadi Oktoba ardhi inakauka hadi inapasuka. Hatuna vuli na masika kama watu wa pwani, kwamba ukikosa huku utapata kule. Ukiharibikiwa msimu, umeharibikiwa mwaka. Wazee wa kijijini wakiulizwa juu ya mabadiliko ya tabianchi hawasemi "nyuzijoto". Wanasema mvua siku hizi ni muongo: inaanza, watu wanapanda, inakata Januari mahindi yakiwa yanabeba, halafu inarudi kwa fujo Machi na kusomba kilichobaki.

Weka sasa kalenda ya mvua juu ya kalenda ya shule, kitu ambacho sijaona mtaalamu akikifanya kwenye slaidi. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba. Kidato cha pili na cha nne ni Novemba. Kwa maneno mengine, miezi ya kujiandaa kwa mitihani ya taifa, Agosti hadi Oktoba, ndiyo miezi visima vinapokauka na safari ya maji inaporefuka. Binti anatakiwa asome kuliko wakati wowote katika muda ambao anatembea kuliko wakati wowote. Halafu shule zinafunguliwa Januari, sare na madaftari vinatakiwa, na Januari kijijini ndiyo ghala linapoonyesha sakafu, kwa sababu mavuno ni Aprili na Mei huko. Ukame ukiongeza wiki tatu tu za kuchelewa kwa mvua, wiki hizo zinatoka kwenye daftari la mtu, na daftari hilo mara nyingi lina jina la kike.

Huyu mdogo wangu hakuacha shule siku moja. Aliacha dakika kwa dakika. Shule ya kata ipo mbali, kwa hiyo akitoka kisimani anafika kipindi cha pili. Akichelewa anachapwa, au anapewa adhabu ya, nisikilizeni vizuri, kuchota maji ya shule. Hapo nilicheka nilipoambiwa, kisha nikaona aibu kwa kucheka. Siku za hedhi hakwenda kabisa, maana vyoo vya shule havikuwa na maji. Kidato cha pili akapita kwa shida. Kidato cha tatu mwalimu wa darasa akaacha kuita jina lake.

Ndipo wakaja watu na ng'ombe.

Hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu ndiyo sehemu tunayoipenda kuiita "mila potofu" na kuondoka. Baba mdogo si mtu katili. Ni mtu aliyekuwa amekopa pembejeo za tumbaku kupitia chama cha msingi, mvua ikamkatia katikati, na deni halikukatika. Alikuwa na watoto watano, magunia mawili ya mahindi na binti ambaye, kwa macho yake, shule ilishamwacha. Ng'ombe wanne waliotajwa siku ile walikuwa bima ya mazao, benki na msaada wa njaa kwa pamoja. Hakuna taasisi nyingine yoyote iliyofika uani kwake mwaka ule na kitu mkononi.

Watafiti watatu wa uchumi, Lucia Corno, Nicole Hildebrandt na Alessandra Voena, walichapisha mwaka 2020 kwenye jarida la Econometrica kazi iliyolinganisha Afrika kusini mwa Sahara na India. Walitazama miaka ya ukame na umri wa wasichana kuolewa. Afrika, ambako mali hutoka kwa mwoaji kwenda kwa familia ya binti, ukame unapandisha hatari ya msichana kuolewa mapema. India, ambako familia ya binti ndiyo inayotoa mali, ukame unaishusha, maana nyumba iliyokosa mavuno haina cha kutoa. Ukame ni uleule, njaa ni ileile. Kinachogeuza matokeo ni upande ambao ng'ombe wanaelekea. Mimi hiyo kazi ilinikalia usiku mzima, kwa sababu inamtoa baba mdogo kwenye kiti cha mshenzi na kumweka kwenye kiti cha mtu anayepiga hesabu. Na mtu anayepiga hesabu unaweza kumbadilishia tarakimu.

Tabora tuna sababu ya kuliangalia jambo hili kwa karibu. Kwenye utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2010, wanawake wa miaka 20 hadi 24 walioolewa kabla ya kutimiza 18 walikuwa asilimia 37 nchi nzima. Shinyanga ilikuwa asilimia 59, ya kwanza. Sisi tulikuwa wa pili kwa asilimia 58. Kitaifa kiwango kimeshuka tangu hapo, na ni jambo la kushukuru. Lakini angalia ramani: Shinyanga, Tabora, Mara, Dodoma. Sehemu kubwa ya mikoa iliyokuwa juu ni nchi ya ng'ombe na ya mvua ya kubahatisha. Sisemi ukame peke yake ndio ulioleta tarakimu hizo. Nasema si bahati mbaya.

Wanasheria wenzangu mtauliza, sheria ilikuwa wapi? Ilikuwepo, ila yenye sura mbili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, huku mvulana akisubiri 18. Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani. Mahakama Kuu ikakubaliana naye mwaka 2016 na kutoa mwaka mmoja vifungu virekebishwe, Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasimama na Mahakama Kuu. Tangu hapo imekuwa maoni, mijadala, halafu maoni tena. Upande wa pili, marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanampa miaka 30 jela anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi. Miaka 30! Baba mdogo aliijua sheria hii vizuri, na waliokuja na ng'ombe waliijua zaidi. Ndiyo maana walisubiri kwanza binti awe ameacha shule "mwenyewe". Unaona ujanja? Sheria inamlinda mwanafunzi, basi kazi ya kwanza ni kuhakikisha si mwanafunzi. Na kazi hiyo ilifanywa na kisima, bila mtu yeyote kushtakiwa.

Nisije nikaonekana namuonea msichana huruma peke yake. Ukame unawatoa shule wavulana pia. Wanaohamisha ng'ombe kwenda Katavi na Rukwa kutafuta malisho ni vijana wa kiume, wengine wa darasa la tano, na wakirudi darasa limeshasonga. Nawajua. Lakini mvulana aliyekwenda kuchunga akirudi na akili ya shule, mlango hausemi yeye ni mke wa mtu. Msichana aliyepata mimba alikuwa anafukuzwa kwa kanuni za mwaka 2002, mwaka 2017 tukaambiwa hadharani kwamba aliyezaa harudi, na ni Novemba 2021 tu ndipo Serikali ilipotangaza kwamba anaweza kurudi kwenye mfumo rasmi. Nendeni vijijini mkaulize wangapi wanajua kwamba mlango umefunguliwa. Mimi niliuliza mama watatu kisimani. Mmoja alikuwa amesikia, redioni, ila alidhani ni kwa shule za kulipia.

Turudi kwenye tumbaku, kwa sababu huwezi kuandika juu ya Tabora na mazingira ukaikwepa. Tumbaku yetu ni ya mvuke. Jani likichumwa linaingia kwenye bani, moto unawashwa, na moto huo haulali kwa siku kadhaa hadi jani likauke. Moto ni kuni, kuni ni miombo. Mkulima asiyepanda miti yake anakata ya msituni, na mwaka baada ya mwaka msitu unarudi nyuma. Sasa fuata mnyororo: bani linapokula miti ya karibu, mama na binti wanafuata kuni za kupikia mbali zaidi. Jina lililo kwenye daftari la chama cha msingi mara nyingi ni la baba. Malipo yanaingia kwa baba. Umbali unaingia kwa binti. Na msimu wa kuchuma, kufunga na kupanga madaraja unaangukia ndani ya muhula wa kwanza, mikono midogo inahitajika. Ukiniuliza nani ameharibu misitu ya Uyui na Urambo nitakujibu kwamba sehemu ya jibu inavutwa kwa njia ya moshi na watu ambao hawatajua kamwe Urambo iko wapi.

Ndiyo maana ile slaidi iliniudhi. Mtanzania wa kawaida, kwa mwaka mzima, hazalishi hata nusu tani ya hewa ya ukaa itokanayo na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mmarekani wa kawaida anazidi tani 13. Kuja Tabora na kumwambia msichana anayepikia kuni za kuokota kwamba watoto wake wa baadaye ndio tatizo la dunia, jamani, hiyo ni dharau yenye takwimu. Najua ushahidi kwamba wanawake waliosoma huzaa kwa kuchagua, na ni jambo jema kwao. Lakini liwe jema kwao kwanza. Msichana wa Uyui si kidonge cha uzazi wa mpango cha dunia. Tukimsomesha kwa hoja ile, siku wataalamu wakigundua njia rahisi zaidi ya kupunguza hewa ya ukaa, atarudishwa kisimani na hoja itakuwa imekwisha.

Kuna rafiki yangu wa kozi ya maendeleo aliposoma rasimu hii akaniambia, "Wewe unapinga elimu ya wasichana kwa ajili ya tabianchi?" Hapana. Napinga mpangilio wa sentensi. Semina inasema elimu ya msichana itatibu tabianchi. Ninachokiona nyumbani ni tabianchi inayokula elimu ya msichana, leo, kabla hajamtibu mtu yeyote. Ukilipanga hivyo, swali linageuka. Badala ya kuuliza msichana ataifanyia nini dunia, tunauliza dunia inamdai nini hadi anatembea kilomita sita na dumu.

Halafu ndiyo, akisoma anafanya makubwa, ila si kwa njia ya hesabu ya watoto. Wangari Maathai alizaliwa Nyeri, kijijini, na alianza shule kwa sababu kaka yake Nderitu alimuuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Swali la mtoto wa kiume, tena dogo. Alifika hadi shahada ya uzamivu Nairobi mwaka 1971, na mwaka 1977 akaanzisha harakati za Ukanda wa Kijani baada ya kuwasikiliza wanawake wa vijijini wakilalamika juu ya kuni, maji na chakula. Maofisa misitu walimwona kama mzaha, kwamba wanawake wasio na stashahada watapandaje miti. Walipanda zaidi ya milioni 30, na mwaka 2004 akapewa Nobel ya amani. Kilichonigusa si Nobel. Ni kwamba msomi yule alijua kuni ni mada. Profesa wa kiume aliyekulia kama mimi, ndoo imejaa asubuhi, angepita kijijini akaona mandhari.

Na tusidhani wanawake wa kwetu wamekaa wanasubiri digrii ndipo wajue ukame. Bibi yangu anakausha viazi, michembe na matobolwa, anakausha majani ya kunde kuwa nsansa, vitu vinavyokaa miezi bila friji wala umeme. Mwaka ule wa shida familia ya baba mdogo ilikula michembe na karanga hadi Machi. Hiyo ni teknolojia ya kuhimili tabianchi, na sijaikuta kwenye desa lolote la kozi yangu. Jirani zetu wa Shinyanga nao, nchi iliyokuwa imebaki vumbi, walirudisha misitu kwa ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga eneo la malisho lisiguswe hadi kiangazi. Mradi wa HASHI ulianza 1986 na badala ya kuleta somo jipya ukaifufua desturi hiyo, na mwaka 2002 ukapata tuzo ya Equator. Faida mojawapo iliyotajwa na kina mama ni kwamba kuni zilirudi karibu. Kuni zikirudi karibu, nani anapata muda? Mmeshajibu.

Basi tufanye nini, sisi wa hapa chuoni wenye boom linaloisha kabla ya mwezi?

Nina hoja moja tu, na inahusu pesa yetu. Kila mwaka umoja wetu wa wanafunzi unafanya siku ya mazingira. Kuna fulana, kuna keki, kuna mgeni rasmi anayechelewa, na kuna miti mia kadhaa inayopandwa nyuma ya viwanja vya michezo. Mwaka jana nilipanda mitatu na nikapigwa picha. Mwezi wa Septemba nilipita pale. Mitatu yangu ilikuwa vijiti. Jirani zake pia. Hakuna aliyekuwa amepangiwa kumwagilia, kwa sababu kumwagilia si tukio, hakupigwi picha. Kama ingekuwa kijijini, angepangiwa binti.

Napendekeza bajeti ya fulana na keki, mwaka huu mmoja tu tujaribu, iende kwenye mfereji wa paa na tanki la maji ya mvua kwenye shule moja ya kata yenye wasichana wanaokaa geto au hosteli. Paa la bati la darasa linakusanya maji mengi kwa mvua moja nzuri. Wanafunzi wa uhandisi mnaweza kutupigia hesabu hiyo bure kama kazi ya vitendo. Halitamaliza kiangazi chote, najua. Likifikisha hata Agosti tu, ni wiki kadhaa za asubuhi za mtu. Na wa sheria wabebe nakala za ule waraka wa kurudi shule, wausome kwa Kiswahili na Kinyamwezi pale kisimani, wasiusome ofisini kwa mtendaji. Wa misitu na nyuki waje na mizinga ya kisasa inayokaa chini ya mti, maana mingi ya asili hutundikwa juu na kazi ya kupanda imeachiwa wanaume, basi asali ikawa ya wanaume. Tangu Mei 2024 nchi ina mkakati wa nishati safi ya kupikia unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameufikia ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimeshatakiwa kuachana na kuni na mkaa. Ni vizuri. Tuanze kwa kuuliza mama lishe wetu wa getini wanapikia nini, na nani amewafikia.

Kuna watakaosema tanki moja kwenye shule moja si kitu. Huenda. Ila nimeona kitu kimoja kikibadilika nyumbani kwetu Mtendeni maishani mwangu, na kilikuwa bomba.

Mdogo wangu ana mtoto wa miaka miwili sasa. Ng'ombe wale wanne wawili walikufa kiangazi kilichofuata, hilo baba mdogo hapendi kulizungumza. Yeye anasoma jioni kupitia elimu ya watu wazima, anataka kurudia kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na ameniomba nimtumie vitabu vya baiolojia na jiografia. Jiografia anaipenda. Aliniuliza kwa simu wiki iliyopita kama ni kweli kwenye mtihani kuna swali la tabianchi, nikamwambia lipo karibu kila mwaka. Akacheka, akasema hilo atalijibu bila kusoma.

Bajeti ya siku ya mazingira inapelekwa kwenye bunge letu wiki ya tatu ya muhula. Nimeshaandika jina langu kwa wachangiaji, na nitakuja na dumu tupu la lita 20. Atakayepinga hoja nitamwomba kwanza alijaze kwenye bomba la hosteli ya wasichana na kulipandisha hadi ghorofa ya tatu, kichwani, kisha aendelee kuchangia.